Furushi Alilolificha Kanyiva

Mchungaji wetu alitaka kuisimulia habari hii kanisani kama mfano wa upendo. Nilimkatalia. Nilimwambia, Mchungaji, ukithubutu kuisema hivyo nitasimama katikati ya ibada niiseme mwenyewe, na wewe unaujua mdomo wangu. Hii si habari ya upendo. Ni habari ya kabati lililofungwa kwa kufuli, na mwanamke aliyelazwa hatua kumi kutoka kabati hilo huku tumbo linamwoza. Basi naisimulia mimi, Njoki, Mama Shiku, fundi wa cherehani hapa Hamza, Makadara. Anayetaka maneno laini afungue redio.

Mwanamke mwenyewe anaitwa Kanyiva. Mtaani wanamwita Mama Nzivo, kwa jina la kifungua mimba wake anayefundisha shule huko Kitui. Mumewe, Munyoki, ni dereva wa lori, na wiki nyingi yuko njiani kwenda Malaba au kurudi. Mimi na Kanyiva tumegawana ukuta mwaka wa kumi na nne huu. Nikikohoa usiku, asubuhi ananigongea kuuliza kama nimekunywa dawa.

Kazi yake ni kufua nguo za hospitali. Si mashuka ya wodi, la. Ni nguo za thieta, zile za kijani: makoti wanayovaa madaktari wakipasua, vitambaa vya kumfunika mgonjwa, na kile chenye dirisha katikati ambamo kisu hupita. Hospitali yenyewe ni ya umma, na silitaji jina lake. Simwogopi mtu. Ila nikiitaja hiyo moja, zile nyingine zitajiona safi. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja kama kibarua. Miaka kumi na mmoja, jamani! Mtoto aliyezaliwa siku aliyoanza leo anajua kugawanya desimali, na Kanyiva bado anaitwa mfanyakazi wa muda.

Yeye ndiye aliyenieleza mambo ya nguo hizo, maana mimi nilidhani nguo ni nguo. Zikishafuliwa na kutiwa jiki ya kuua vijidudu na kukauka, hupigwa pasi, kisha hukunjwa kwa namna yake, upande wa ndani ufichwe, ili daktari aifungue bila kuugusa upande utakaomgusa mgonjwa. Halafu zote za mgonjwa mmoja hufungwa pamoja furushi moja, linazungushiwa utepe wenye mistari hafifu, na kutiwa kwenye mashine ya mvuke. Mvuke ukishapenya, mistari ya utepe inageuka myeusi. Ikiwa myeusi, furushi ni salama. Furushi moja, mgonjwa mmoja. Kama hakuna furushi hakuna upasuaji, hata daktari angekuwa malaika.

Mazoea hayo yalimfuata mpaka nyumbani. Taulo zake, sweta za wajukuu, hata magazeti ya kuwashia jiko, vyote amevikunja upande wa ndani umejificha. Nilimtania siku moja, "Mama Nzivo, wewe ipo siku utamkunja hata Munyoki." Akanijibu bila kuinua macho, "Huyo nimeshajaribu. Miguu inabaki nje."

Mashine ya kufulia pale hospitalini ilikufa Januari. Ikaandikiwa barua. Kwetu mashine ikiharibika huandikiwa barua, na barua nayo huandikiwa barua. Kanyiva na mwenzake wakaanza kufua kwa mikono kwenye birika la saruji. Machi yule mwenzake akaondoka, na hakuna aliyeajiriwa mahali pake. Akabaki Kanyiva peke yake na thieta nzima mgongoni, vidole vimekuwa vyeupe kwa jiki na kuchanika kwenye viungo. Nguo nazo zilianza kuchanika kwa kusuguliwa, na kwa kuwa fundi wao alistaafu zamani, akawa ananiletea mimi nizitie viraka. Bure. Mikono yangu imeshona vitambaa vilivyofunika nusu ya watu wa Makadara, na hakuna aliyewahi kuniambia hata asante, mbali na Kanyiva.

Na alikuwa na siri moja. Kila mara alihakikisha kuna furushi moja la ziada, limeshapikwa na mistari ni myeusi, halafu analificha. Si nyumbani, hapo hapo hospitalini, stoo ya nguo, juu ya kabati kuukuu, nyuma ya boksi la mapambo ya Krismasi ambalo hakuna anayeligusa hadi Desemba. Kila baada ya siku chache analitoa, analifua upya, analirudisha. Nilimuuliza sababu. Akasema ukiliweka rafuni wataliona, na wakiliona watalitumia kwa mgonjwa ambaye angeweza kungoja hadi kesho. Halafu yule asiyeweza kungoja akija, hakuna kitu. "Nilishamwona mmoja akingojea nguo zikauke," alisema. Hakuniambia huyo mtu aliishia wapi, na kwa jinsi alivyokuwa akikunja kile kitambaa sikuuliza tena.

Sasa nirudi nyuma kidogo hadi Februari, kwa maana bila hilo hamtaelewa hasira yangu inatoka wapi. Binti yangu Shiku yuko Ujerumani, anatunza wazee katika nyumba yao ya kutunzia wazee. Februari aliugua kidole tumbo, kile kinyama kidogo upande wa kulia chini, ambacho sote hapa tunakiita apendiksi. Kinavimba, kinajaa usaha, na kisipotolewa mapema kinapasuka. Aliponipigia simu kunieleza, mimi nilishaanza kulia. Akacheka. "Mami, usilie, nimeshatoka." Alikuwa ameingia hospitali asubuhi, wakampima damu, wakampitisha kwenye mashine inayoona tumbo ndani, na daktari akamuuliza, unataka tukupasue au ungependa tujaribu dawa kwanza? Kama anayeulizwa chai au kahawa! Akachagua kupasuliwa. Vitundu vitatu, hata mshono hauonekani vizuri. Kesho yake akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Nikamuuliza swali la kifundi, nguo walizokufunika zilikuwa za kitambaa gani? Akasema hazikuwa kitambaa. Zilikuwa kama karatasi laini ya buluu, na walipomaliza wakazikunja zote wakazitia kwenye mfuko wa taka.

"Wanazitupa?"

"Wanazitupa, Mami. Zote."

Nilimsimulia Kanyiva jioni ile tukichambua sukuma wiki. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Ngai, wanatupa! Basi huko mimi ningekosa kazi." Mimi pia nilicheka. Tulicheka sana siku hiyo, wajinga sisi.

Jumatano moja ya Aprili, mvua imekaza tangu alfajiri, Kanyiva alirudi kabla ya wakati wake, ameinama. Tumbo lilimuuma hapa kitovuni. Nikampelekea mukimo wa viazi na mahindi, akageuza uso, na huyo mtu hajawahi kukataa mukimo wangu. Akatapika mara mbili.

Na hapa nijishike mimi mwenyewe kabla sijawashika wengine. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye kile chumba cha kupima damu karibu na stendi. Sisi watu wa Eastlands tuna ugonjwa mmoja, taifodi. Ukiumwa kichwa ni taifodi. Ukichoka, taifodi. Mume asiporudi nyumbani, nenda ukapime taifodi. Yule kijana mwenye koti jeupe alimdunga kidole, akatazama kigae chake cha kupimia dakika chache, akasema, "Mathe, usijali, ni taifodi tu. Imepanda kiasi." Hakumgusa tumbo. Hakumuuliza maumivu yalianza lini. Akatoa vidonge, akampiga sindano ya kutuliza maumivu, na sisi tukatoka tumeridhika, kwa sababu kwetu mtu akitoka bila sindano huona ameibiwa.

Sindano ile ikayaficha maumivu. Alhamisi asubuhi akaenda kazini. Nilimkataza, nilisimama mlangoni nikamwambia leo huendi. Akasema, "Mama Shiku, nisipoenda thieta haifunguki." Akafua hadi saa sita mchana. Maumivu yalikuwa yamehama kutoka kitovuni yakateremka kulia, chini, mahali pale pale Shiku alipopataja. Amefunga mafurushi ya apendiksi miaka kumi na mmoja na yake hakuitambua. Kinyozi hajinyoi. Karatasi ilisema taifodi, na sisi tunaiamini karatasi kuliko tumbo. Akaacha nguo zimelowekwa kwenye birika, akarudi kulala.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilimkuta sakafuni, magoti yamegusa kifua, mwili unawaka moto. Sikumuuliza mtu. Nilimwita jirani mwenye teksi, tukamlaza kiti cha nyuma, na saa tatu kamili tulikuwa hospitalini kwake. Nasema kwake kwa sababu mlinzi, mfagiaji na wauguzi wote walimwita kwa jina.

Daktari wa zamu alikuwa Opicho, kijana mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Huyo simlaumu, mwandike hivyo. Alimbonyeza Kanyiva tumbo polepole upande wa kulia, kisha akaachilia ghafla, na Kanyiva akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kutoka kwake, na nilikuwepo alipopokea habari za kifo cha mamake. Daktari akanigeukia. "Mama, hii ni apendiksi. Bado haijapasuka. Nikiingia sasa hivi ni kazi ya saa moja, na siku chache tu yuko nyumbani. Ikipasuka, usaha utamwagika tumboni kote, na hapo siwezi kukuahidi chochote."

"Sasa unangoja nini?" nilimuuliza.

Akamtazama Sista Truphena, muuguzi mkuu wa thieta. Truphena akatazama viatu vyake. "Daktari, hatuna nguo. Furushi la mwisho tumelitumia alfajiri. Zingine zimelowekwa tangu jana, aliyekuwa akizifua aliumwa akaenda nyumbani."

Akainua macho kutoka kwenye viatu. Nadhani ndipo alipotambua kwamba mfuaji huyo ndiye aliyelala pale kwenye machela. Sote tulitambua kwa pamoja. Mwanamke mmoja aliumwa siku moja, na chumba kizima cha upasuaji, katika jiji lenye mamilioni ya watu, kikafungwa.

Daktari Opicho akapiga simu hospitali mbili. Moja ilikuwa na watu tisa kwenye foleni ya thieta. Ile nyingine ilisema iletewe kwanza amana. Hapo ndipo Kanyiva akaongea, sauti ndogo, macho amefumba. "Truphena. Kuna moja. Stoo, juu ya kabati, nyuma ya mapambo ya Krismasi. Nimelipika Jumanne."

Truphena alitoka mbio. Akarudi amelikumbatia, na ile mistari ilikuwa myeusi tii. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, kwa Kikuyu na kwa Kiswahili. Wakamsukuma Kanyiva hadi mlango wa thieta, wakamvua hereni, wakamfunga kitambaa kichwani. Nikasema basi, yamekwisha.

Ndipo walipomleta Saado. Msichana wa Eastleigh, ujauzito wake wa kwanza, kamba ya kitovu ya mtoto imetangulia kutoka na moyo wa mtoto unapungua mapigo. Mama yake alikuwa akikimbia kando ya machela ameushikilia ushungi wake kwa meno. Muuguzi alisema dakika, hakusema saa. Daktari Opicho akasimama katikati ya zile machela mbili, na furushi ni moja.

Nitasema nilichofanya, nisijifiche. Nilipaza sauti. Nilisema, "Sisi tumefika kwanza! Na hilo furushi ni lake, amelifua kwa mikono yake!" Mama yake Saado alinitazama, na sitasahau alivyonitazama. Kanyiva ndiye aliyenijibu, akinivuta nguo.

"Mama Shiku, acha. Hilo si langu. Niliweka la mtu asiyeweza kungoja. Mimi naweza kungoja kidogo."

Wakamwingiza Saado. Mimi na Kanyiva tukabaki kwenye korido.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo watu wanapofuta machozi na kusema, lo, moyo wa dhahabu. Ngojeni. Katika korido hiyo, hatua kumi kutoka machela ya Kanyiva, kulikuwa na kabati la chuma. Nilimuuliza muuguzi mmoja limehifadhi nini. Akasema bila hata kufikiri, "Hizo ni nguo za upande wa kulipia. Zile za karatasi, za kutumia mara moja."

Nilidhani sijasikia. Nikamwambia arudie. Akarudia, ndiyo, mama, za karatasi, za buluu, maboksi mawili, zimekuja Februari. Zile zile! Zile alizofunikwa Shiku na zikatupwa! Zilikuwa hapo, hatua kumi, kufuli juu yake, na ufunguo uko na ofisa wa ugavi, na ofisa wa ugavi yuko semina Naivasha. Simu yake ikapigwa mara sita. Semina ilikuwa inaendelea, na simu ilikuwa imezimwa.

"Vunjeni!" nikasema. Nilishavua kiatu. "Leteni nyundo, nivunje mimi!"

Truphena akanishika mkono. Alikuwa karibu kulia. "Mama Shiku, mwaka jana mwenzetu alivunja kabati la glavu ili kumwokoa mgonjwa. Alipelekwa kamati ya nidhamu. Yuko nyumbani hadi leo." Na askari wa korido tayari alikuwa amesogea, ananitazama kiatu mkononi. Mzee mmoja aliyekuwa akingojea zamu yake kwenye benchi akaniambia, tulia mama, subira huvuta heri. Nikamwambia mzee wangu, kwa heshima zote, subira hii inavuta maiti.

Basi nikafanya ninachojua. Nilishuka kule chini kwenye birika la Kanyiva. Maji yalikuwa baridi na nguo zimetoa utelezi. Nikakunja mikono, nikafua, mimi na mfagiaji mmoja aliyekuja bila kuitwa. Nje mvua, hakuna pa kuanika. Tulizikausha kwa pasi, nguo moja baada ya nyingine, mvuke unatupanda usoni. Niliviona viraka vyangu mwenyewe, uzi wangu mwenyewe, na nililia huku napiga pasi. Tulipofika kwenye kukunja sikujua kukunja. Nilijaribu, upande wa ndani ukatoka nje. Ikabidi Truphena, aliyeshuka kututazama, apande koridoni amuulize Kanyiva, na Kanyiva, amelala pale anatetemeka, akamwonyesha kwa vidole juu ya shuka lake, kunja hivi, geuza, kunja tena.

Saa saba na nusu nilipopanda kumwangalia, alinitabasamia. "Yamepoa," akasema. "Mama Shiku, maumivu yamepoa kabisa." Nikafurahi. Nikamwambia umeona, Mungu si Athumani. Daktari Opicho alikuwa akitoka kumwangalia Saado baada ya upasuaji, mtoto alishalia, mama mzima. Akasikia neno hilo yamepoa, na uso wake ukabadilika. Akamgusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao wa kukatia nyama.

"Imepasuka," akasema.

Furushi lilitoka kwenye mvuke saa kumi kasorobo. Kanyiva aliingia thieta saa kumi. Alikuwa amefika saa tatu asubuhi. Hesabuni wenyewe.

Alipasuliwa kuanzia juu ya kitovu hadi chini. Wakamwosha tumbo ndani kwa ndoo za maji ya chumvi, wakamwachia mpira wa kutolea usaha na kidonda kisichofungwa. Siku nne alikuwa hatujui ni wetu au si wetu. Munyoki alirudi kutoka Malaba akaketi kando ya kitanda na jaketi lake la safari, hakulivua siku mbili. Siku ya tano Kanyiva aliomba maji. Siku ya nane aliuliza nani anafua. Saado alikuja kumwona akiwa ameinama kwa mshono wake, amebeba thamosi ya chai ya maziwa ya ngamia, akamwekea mtoto kifuani. Mimi nilitoka nje. Mama yake Saado alikuwa hapo koridoni, akasogea kwenye benchi nikae, na kosa langu sikujua niliombee msamaha vipi, kwa hiyo nikakaa tu.

Alilala wodini siku ishirini na tatu. Shiku alilala usiku mmoja. Ugonjwa ule ule, upande ule ule, kinyama kile kile kisichozidi kidole. Watu husema ni mapenzi ya Mungu. Hapana! Mungu hakwenda semina Naivasha.

Siku ya kuruhusiwa, ofisa wa utumishi alikuja hadi kitandani na bahasha. Nilidhani ni barua ya pole. Moyoni nikasema, angalau. Kanyiva akanipa nimsomee. Ilikuwa barua ya onyo. Kwamba amepatikana na kosa la kuficha mali ya hospitali, yaani furushi moja la nguo za thieta, mahali pasipoidhinishwa, na akirudia mkataba wake hautafanywa upya. Tia sahihi hapa.

Shukrani ya punda ni mateke. Nilitaka kuichana ile barua nimlishe yule bwana kipande kwa kipande. Nilimuuliza, na kabati je? Mmechunguza kabati? Akasema ndiyo, suala la usalama wa kabati limeshughulikiwa. Nilipita kulitazama tukitoka. Lilikuwa limeongezwa kufuli la pili.

Kanyiva alitia sahihi. Mimi nilikaa siku tatu bila kusema naye kwa sababu ya sahihi hiyo. Kupitia ukuta nilimsikia akikohoa na sikuuliza kitu. Siku ya nne nikaona aibu, nikampelekea uji. Ile barua alikuwa ameikunja kwa namna yake, maandishi yamejificha ndani, ameiweka chini ya redio.

Alikaa nyumbani wiki sita, kisha akarudi birikani. Mashine bado imekufa. Jioni ya siku ya kwanza akanigongea, amebeba mfuko wa nguo za kijani zilizochanika. Nikamwambia mapema, "Mama Nzivo, kama ni za wale watu, mimi sishoni tena. Wakatie viraka barua zao."

Akaketi kwenye kiti changu cha wateja, taratibu, mkono umeshika tumbo. Akatoa vitambaa vikubwa viwili vya kufungia, akavikunjua magotini. Vilikuwa na matundu pembeni.

"Wao wameongeza kufuli," akasema. "Mimi naongeza furushi."

"Na ile barua?"

"Barua haifuniki mgonjwa."

Nikawasha taa ya cherehani. Nikavishona vyote viwili, pindo mara mbili, mshono wa kudumu. Sasa yako mafurushi mawili katika hospitali ile, mistari yake ni myeusi, na yanafuliwa upya kila wiki. Yalipo najua. Wakitaka kujua na wao, waniletee barua.